Aliyezoea Kusukumwa

Ruizhen aliinua mkono wa kulia mbele ya kifua, akalegeza kifundo, akangoja kusukumwa. Hakuna aliyemsukuma.

Ndivyo alivyofanya bustanini kila asubuhi tangu amzike mumewe. Taichi yao, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, ilikuwa ya watu wawili, mkono juu ya mkono: mume husukuma, yeye hulegea na kuuacha msukumo upite. Miaka yote hiyo hawakuwahi kubadilishana zamu.

Jana daktari alimsifu. Presha imetulia, magoti kama ya msichana. Alirudi nyumbani na habari hizo njema, akakosa wa kumpa, akapasha uji wake.

"Dada, unamkwepa nani?" Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye njia ya bustani, ameshika tundu la ndege wake. "Hewa ya watu imekukosea nini?"

"Mdomo unao. Mkono je, huna? Ulete!"

Mzee akacheka, akatundika tundu kwenye tawi, akaja. Kifundo cha mkono wake kikagusa cha Ruizhen. Kilikuwa na joto, na mshipa ulidunda chini ya ngozi iliyolegea. Ruizhen hakukumbuka mara ya mwisho alipoguswa na mtu.

Akalegea, akangoja. Mzee naye akalegea.

Ndege aliimba, akanyamaza. Mikono yao ilikuwa palepale.

"Mbona husukumi, kaka?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Mimi sijui kuanza. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akianza."

Ruizhen alikaza unyayo wa nyuma, akashusha pumzi, akasukuma.