Ukuta Usiotaka Kilio

Tangu nyumba za kupanga zianze kuwasikiliza wapangaji, mlango ulikuwa haufunguki asubuhi mpaka aliyemkera mwenzake aombe radhi, tena kwa moyo. Leo mkosaji alikuwa Chausiku. Alikuwa amemlilia mama yake aliyezikwa Ijumaa, na ukuta ukakihesabu kilio hicho kuwa usumbufu.

"Shoga, sema samahani tutoke," Mwanjaa, mwenzake wa chumba, alimsihi, mkoba begani. "Nikichelewa tena zamu, wananifukuza."

"Kwani nilikukera?"

"Wala! Ukuta ndio umekereka kwa niaba yangu."

Chausiku akaugeukia ukuta. "Samahani."

"Haijatoka moyoni," ukuta ukajibu kwa upole. "Jaribu tena."

Akajaribu mpaka koo likamkauka. Mwanjaa akausukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Machozi yakamlenga naye, akajiziba mdomo haraka kwa upindo wa kanga, asije akasikika.

Chausiku alipomwona hivyo, akaketi sakafuni, akauegemea mlango ule ule.

"Nimemlilia mama yangu," akauambia ukuta. "Siombi radhi."