Nusu ya Sefu

Ramiro alileta bakuli la udongo likiwa bado linatokota pembeni, akaweka vijiko viwili kama alivyozoea kila Ijumaa. Kisha akagutuka, akanyoosha mkono akiondoe kimoja.

"Kiache," alisema Bi Mosi.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja tangu wamzike mumewe, Sefu. Katika mkahawa ule mdogo wa mtaani, Ramiro alipika vyakula vya kwao Chile, na siku zote Bi Mosi na Sefu walikula bakuli moja. Juu palikuwa na mahindi mabichi yaliyosagwa, yakanyunyiziwa sukari na kuokwa hadi ikawa kahawia. Chini nyama, yai, na zeituni moja tu yenye kokwa yake. Ndivyo mama yake Ramiro alivyopika. Kila zeituni ilipoangukia upande wa Sefu, aliitoa, akamwekea mkewe kwenye kisahani, akaendelea kula.

Bi Mosi alichora mstari katikati kwa kijiko. Akala upande wake mpaka udongo ukaonekana. Zeituni hakuiona.

"Mama, hujamaliza," alisema Ramiro.

"Nimemaliza. Hiyo nyingine si yangu."

Ramiro hakuligusa bakuli. Alirudi jikoni taratibu.

Chakula kikapoa. Bi Mosi akachukua kijiko cha pili, akavunja lile gamba la sukari upande wa pili. Kijiko kikagonga kitu kigumu. Akaiacha zeituni hapo hapo, akakisogeza kisahani kitupu karibu, akangoja.