Matundu ya Bati

Gathogo alimvutia mama yake kiti mbele ya kompyuta. Mama alikuwa ametoka Elburgon asubuhi hiyo, aje Nakuru kuona kazi ya mwanawe ya kutengeneza michezo ya video.

Kwenye skrini likatokea jiko la kuta za mbao. Miale ya jua ilipenya mabatini, ikakata moshi, ikatua sakafuni kama sarafu. Hata vumbi lilionekana likielea.

"Boss, huo mwanga umeweza!" akasema mwenzake wa meza ya pili. "Ni kama jiko la ukweli."

"Ni la ukweli," mama akasema. "Ni langu."

Gathogo akacheka. Akaeleza kwamba Krismasi alipokuwa nyumbani alipiga picha kila tundu la bati, yote arobaini na moja, ili jua liingie kwenye mchezo vile linavyoingia kule. Ilimchukua miezi mitatu kulipatia.

Mama akaweka kidole chenye nyufa zilizojaa masizi juu ya doa moja la jua.

"Hapa ndipo mimi huweka sufuria mvua ikinyesha," akasema. "Kumbe matundu uliyaona yote. Nilidhani hukuyaona, ndiyo maana sikukusumbua."

Hakusema kwa hasira. Gathogo akahisi masikio yakimwaka. Mwenzake aligeukia mashine yake, akajifanya ana kazi.

"Na humo ndani," mama akauliza, akiwa bado anaitazama ile picha kwa fahari, "mvua hunyesha?"

"Hapana, Mum," akajibu. "Sikuiweka."