Mwenyeji wa Mezani

Katika jiji lile, mgeni hauziwi chakula mpaka mwenyeji aketi naye mezani. Mbeyu na mumewe Chengo, waliotoka Kilifi kuja kusikiliza tamasha, walikuwa wamekataliwa na milango ya hoteli tatu, na njaa ilishawagombanisha.

“Si nilikwambia tubebe chapati?” Mbeyu alifoka.

Kwenye hoteli ya nne, mama mmoja aliyeketi peke yake ndani, karibu na dirisha, aliwapungia mkono. “Njooni, wanangu. Mwenyeji wenu ni mimi.” Mlango ukafunguka. Walikula pilau huku wakimshukuru.

Muziki ulipoanza kusikika kutoka uwanjani, Chengo aliinuka akaenda mlangoni. Haukufunguka.

“Mgeni hutoka na mwenyeji wake,” mama alisema kwa upole, akaagiza chai nyingine.

“Mama, tafadhali! Tumesafiri siku nzima kwa ajili ya tamasha hili.”

“Najua. Wote huniambia hivyo.” Alimwekea Mbeyu kipande cha nyama kwenye sahani. “Nyumbani kwangu hakuna anayekula nami. Kula, mwanangu.”

Mbeyu alimtazama mumewe, kisha akaanza kutafuna polepole, huku uwanja mzima ukishangilia.