Kiota Nyuma ya Dashibodi

Kichwa cha mhariri kilikuwa chini karibu na zulia la gari, miguu yake juu ya kiti cha abiria, na tochi ameing'ata kama mbwa aliyeokota mfupa. Kwa mujibu wa video aliyoitazama kitandani, kubadilisha filta ya kiyoyozi ni kazi ya dakika tano. Yeye alikuwa ameianza saa mbili asubuhi. Sasa ilikuwa saa nne.

"Bado uko hai?" mkewe akauliza kutoka barazani, kikombe cha chai mkononi.

"Mmh."

"Ukifia humo, funguo ziache mahali pa kuonekana."

Mkewe alikuwa nesi, na gari lilikuwa lake zaidi kuliko la mumewe. Kwa wiki tatu kiyoyozi kilikuwa kikipumua kama mgonjwa mahututi, tena kwa harufu ya soksi za maiti. Alikohoa kutoka nyumbani mpaka hospitalini. Mhariri akaapa kwamba fundi hataligusa, filta ataibadilisha mwenyewe. Siku hizi alikuwa mume wa namna hiyo. Aliosha vyombo. Alipiga pasi sare za mkewe na kumkanda miguu kila akitoka zamu. Wanaume wa mtaani walimwona msaliti.

Hatimaye ndoano ziliachia, droo ya dashibodi ikamwangukia usoni. Akafungua kifuniko kilichokuwa nyuma yake, akaivuta filta kuukuu. Ilitoka na kiota cha panya. Mwenye nyumba alikuwa ameshahama, akaacha mavi yake na kitanda cha karatasi zilizotafunwa laini kama pamba.

Kwenye kipande kimoja, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, mhariri akasoma neno "kukoroma". Lilikuwa limepigiwa mistari miwili chini yake.

Mwandiko ulikuwa wake. Mistari miwili pia ilikuwa yake. Ndivyo alivyoonyesha makosa makubwa kwenye vitabu vya shule alivyovihariri.

Ile barua!

Miaka minne iliyopita alimwandikia mkewe barua ya kumwacha. Kumwambia ana kwa ana hakuthubutu, basi akaandika kama alivyozoea kazini: malalamiko yamepewa namba, na kila namba ina vifungu vyake. Kurasa tisa, mmoja mzima juu ya mama mkwe. Juu ya bahasha akaandika "Soma ukiwa umekaa", akaisukuma ndani ya droo ya dashibodi, akakimbilia kwa dada yake na begi moja. Akalazwa stoo, kati ya baiskeli mbovu na ndoo za rangi. Siku ya tatu akasikia honi.

"Wifi, nimekuja kuchukua mzigo wangu," mkewe alimwambia dada mtu pale mlangoni. Kisha akamgeukia mumewe. "Panda. Gari linakunywa mafuta bure."

Basi. Njia nzima barua haikutajwa, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Mhariri alingoja bomu lilipuke, likakataa. Mwishowe akaamini kwamba ameoa mwanamke mwenye moyo mkubwa kuliko hospitali anayofanyia kazi, mwanamke aliyesoma upuuzi wote ule akaumeza kimya. Aibu ilimkaba. Ndipo alipoanza kuosha vyombo.

Kumbe hakuisoma! Panya walimwahi.

Kwanza akacheka, palepale alipokuwa, kichwa chini miguu juu, mpaka tochi ikamdondoka. Hakuwa amesamehewa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyejua kosa lake. Halafu kicheko kikamkauka. Miaka minne ya kusugua masufuria! Miaka minne ya kukanda vidole vya miguu, kimoja kimoja, akitubu kwa mtu asiyejua hata dhambi yenyewe!

Akakizoa kiota chote, akakitia kwenye mfuko wa takataka. Akapangusa vumbi, akachomeka filta mpya, mshale wake ukielekea chini kama video ilivyosema, akarudisha kifuniko na droo. Akawasha gari. Hewa ikaja kwa nguvu, baridi na safi. Mhariri akaivuta kifua tele, kama mfungwa aliyefunguliwa geti.

Aliingia ndani kwa mwendo ambao nyumba ile haikuwa imeuona kwa miaka minne. Akalipita sinki lililojaa vyombo bila hata kulitupia jicho. Sebuleni akajibwaga kwenye kochi, viatu juu ya meza.

"Niletee chai," akasema. "Na leo vyombo sivioshi. Si-vi-o-shi."

Mkewe alikuwa ameshajilaza kwenye kochi la pili. Akafumbua jicho moja. "Umeinama muda mrefu, baba. Damu imekujaa kichwani."

"Nimekuta kiota cha panya kwenye filta." Mhariri alimkazia macho, asipitwe hata na kope. "Makaratasi yote yaliyokuwa kwenye droo yametafunwa. Sijui kama kulikuwa na la maana."

"Yote?" Mkewe akainuka, akakaa wima. "Mpaka ule ukurasa wa mama yangu?"

Mhariri akashusha viatu kutoka mezani.

"Hasara gani hii!" mkewe akasema. "Ule ndio ulionichekesha mpaka nikawasha gari nikaja kukuchukua."