Mahali Penye Kosa

Siku Leonidasi alipotoweka, gari la zahanati lilikutwa bandani boneti ikiwa wazi, vifaa vimefutwa na kupangwa sandukuni, na chini ya waipa kuna karatasi: "Mwalimu, usifunge boneti. Natafuta mahari. Nikipata nitarudi."

Mwalimu Deodata aliisoma mara mbili. Kisha, kwa mazoea ya mkono tu, akachomoa kalamu nyekundu, akaikata ile r ya "mahari" na kuandika l juu yake.

Leonidasi alikuwa fundi umeme wa magari, mzaliwa wa Burundi, na kwake l na r zilikuwa kitu kimoja. Mwalimu alikuwa mwarimu, balbu ilikuwa barubu. Mwaka mzima Deodata alimsahihisha, naye mwaka mzima akaitikia "ndiyo, mwarimu". Safari hii Deodata aliona nafuu. Kosa moja tu, karatasi nzima.

"Anatafuta mahali gani?" akauliza Theonest, katibu wa kijiji chao cha ujamaa pale Mugoma, ambaye siku hizo hakukosa sababu ya kupita karibu na shule.

"Mahali penye kosa. Feni haipati umeme."

"Na huo umeme anautafuta porini?"

Magari mengine yote yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani, upande wa Mto Kagera. Limebaki hili la kubebea wagonjwa, nalo lilikuwa na ugonjwa wake: injini ikipata moto, feni haizunguki, maji yanachemka katikati ya mlima, na mgonjwa anashushwa aendelee na safari kwa machela. Juzi mama mmoja alijifungulia njiani, kando ya shamba la mihogo. Mtoto akaitwa Rejeta kwa utani, na jina likaelekea kumganda.

Siku ya kumi Theonest alikuja na daftari.

"Kikao ni Jumamosi. Fundi wako tunamwandika mtoro wa mgambo, jina liende wilayani. Kazi imemshinda, na vita anaviogopa."

"Si fundi wangu. Na ameandika atarudi."

"Maandishi yake wewe ndiye unayeyasahihisha, Mwalimu. Lisahihishe na hilo."

Mwaka ule mtu aliyeandikwa mtoro alifuatwa na askari popote alipo, na hakuna aliyeuliza alikuwa amekwenda wapi. Deodata alilijua hilo. Alijua pia kwamba kama feni ingezunguka, nusu ya maneno ya Theonest yangekufa.

Ijumaa, baada ya shule, akaenda bandani peke yake. Hakuwa mgeni wa kazi ile. Kila alasiri yeye ndiye aliyekuwa akimshikia Leonidasi balbu, ile ndogo yenye nyaya mbili, huku fundi akieleza zaidi ya alivyotakiwa. "Umeme, mwarimu, ukienda razima urudi. Usipoona njia ya kurudi, hautoki."

Akaanza walipoanzia siku zote. Fyuzi nzima. Akaiunga feni moja kwa moja kwenye betri. Ikavuma na kumpeperushia kitambaa cha kichwa. Basi feni haina ugonjwa. Akafungua swichi, akaunganisha nyaya mbili za kidude cha joto kilichoko chini ya rejeta, ambazo zikikutana zinapaswa kuiwasha feni. Kimya.

Akashika balbu. Waya mmoja wa balbu kwenye umeme unaoingia feni, wa pili kwenye hasi ya betri: ikawaka. Umeme unafika, basi. Akauhamisha ule wa pili kwenye waya mweusi wa feni yenyewe, unaorudisha umeme kwenye bodi. Balbu ikazima.

Unakwenda, haurudi.

Akaufuata ule waya mweusi kwa vidole, taratibu, mpaka nyuma ya taa ya kushoto, palipokuwa na nati moja ya kuufunga kwenye bodi, iliyopakwa rangi ya kijani juu ya kutu. Akaifungua, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaikaza.

Jumamosi alimwomba dereva awashe injini mbele ya kikao. Watu wakasubiri. Maji yakapata moto, kidude kikalia tik, feni ikazunguka. Akina mama wakapiga vigelegele. Aliyepiga kwa sauti kubwa kuliko wote ni mama yake Rejeta.

"Gari limepona," Theonest alisema, akifungua daftari. "Sasa tuje kwa mtu. Yuko wapi?"

"Anatafuta."

"Anatafuta nini, na wewe umekwisha kupata?"

Theonest alikuwa ameandika "Leo" na kalamu iko kwenye n, kikao kilipogeuza shingo kuelekea barabarani. Leonidasi alikuwa anakuja, matope hadi magotini, fimbo mkononi. Nyuma yake alitembea mjomba wake wa Kaniha, mzee Nshoma, amevaa koti zito juani, na mbele yao kundi dogo la ng'ombe limechoka safari.

Deodata hakungoja hata salamu. Siku kumi na mbili za hofu zilimtoka kwa hasira.

"Umechelewa. Mahali nimepaona mwenyewe. Ni nati, nyuma ya taa ya kushoto."

Leonidasi alimtazama, akalitazama gari, akavua kofia.

"Vizuri, mwarimu. Rakini ire karatasi niriandika pore pore sana," akasema. "Sikukosea hata herufi moja."

Ng'ombe wote sita sasa wanakula majani nyuma ya nyumba ya baba yake Deodata.