Magunia ya Ngiri na Miguu ya Punda

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Ngiri alitaka mahindi yake yote yafike nyumbani kabla ya mvua, kwa safari moja tu. Akayarundika magunia upande wa nyuma wa mkokoteni wa Punda.

"Mzee Ngiri, nyuma kumeelemewa. Twende mara mbili."

"Kazi yako miguu, mdomo niachie mimi!"

Walipoanza kupanda mlima, mkokoteni ukabinuka, ukamnyanyua Punda, akaning'inia hewani.

"Vuta, we!" Ngiri akafoka.

"Miguu ninayo, mzee. Ardhi ndiyo siifikii."

Magunia yakaporomoka yakapasuka, Punda akatua, na mvua ikashuka.

Tangu hapo Punda akazoea kupaza sauti asinyamazishwe na mtu. Ngiri naye akazoea kula kapiga magoti, maana mahindi yale anayaokota hadi leo.